Gran Turismo: Mchezo Uliofundisha Breki Ukasahau Ajali

NDUGU msomaji, bao lina wenyewe na karata zina wenyewe, lakini katika sebule nyingi za mijini siku hizi mchezo unaowakusanya vijana jioni ya Jumapili ni ule unaochezwa kwenye kioo cha televisheni. Wazazi wengi huutazama kwa mashaka. Wapo wasemao kuwa ni upotezaji mtupu wa muda, na wapo wauachao uendelee maadamu watoto wametulia ndani na hawazururi. Pande zote mbili zina upungufu mmoja: haziketi chini kuutazama mchezo wenyewe na kuuliza, "Mwanangu anafundishwa nini hapa?"

Leo safu yetu itaketi. Tutautazama mchezo mmoja tu, tena wa zamani, uitwao Gran Turismo, ambao ni wa mbio za magari. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kijana aliyeucheza akiwa na miaka 15 mwaka 1998 leo amepita miaka 40. Ni mzazi, na pengine mwanawe amekwisha anza kuulizia funguo za gari au za pikipiki. Pili, mchezo wa magari haufanani na mchezo wa mazimwi. Zimwi haliko mtaani, lakini gari liko. Anachokizoea mtoto mbele ya kioo hicho atakikuta siku moja mbele ya mlango wake, kikiwa na uzito wa zaidi ya tani moja.

Gran Turismo ulitolewa huko Japani mwezi wa Desemba 1997, ukafika Ulaya na Marekani mwaka 1998. Uliundwa kwa ajili ya mtambo wa PlayStation wa kampuni ya Sony, na kiongozi wa waundaji wake alikuwa Kazunori Yamauchi, mtu aliyependa magari kupita kiasi. Kazi ile iliwachukua yeye na wenzake kiasi cha miaka 5. Waliposema imekwisha, ulimwengu uliipokea kwa mikono miwili: nakala zaidi ya milioni 10 ziliuzwa, na hapana mchezo mwingine wa mtambo ule uliouzwa kuushinda.

Tuanze na uzuri wake, kwa kuwa ni adabu kumsifu mtu kabla ya kumsema.

LESENI KWANZA

Michezo mingi ya mbio iliyoutangulia ilikuwa na amri moja tu: kanyaga mafuta. Mchezaji alipewa gari la ajabu, barabara pana na muziki wa kelele, akaachiwa aende. Gran Turismo ulifanya jambo geni. Mashindano yake mengi ulikuwa huwezi kuyaingia mpaka uwe na leseni, na leseni ilipatikana kwa mtihani. Madaraja yalikuwa matatu, na kila daraja lilikuwa na majaribio 8.

Tena tazama, ndugu msomaji, jinsi majaribio yale yalivyoanza. Hayakuanza kwa kumpita mtu wala kwa kukimbia kuliko wote. Mtahiniwa aliambiwa aondoke, ashike kasi, kisha asimame ndani ya eneo lililochorwa barabarani. Akisimama mbele ya eneo hilo ameshindwa. Akichelewa mno ameshindwa vile vile. Katika majaribio yaliyofuata alitakiwa kupita kona moja, halafu mbili, halafu mfululizo wa kona, na akitoka nje ya njia mtihani ulikatizwa pale pale, akarudishwa mwanzo. Vijana wengi waliokuwa wepesi wa vidole walitokwa na jasho hapo. Waligundua kwamba somo la kwanza la udereva ni kusimama. Walimu wa udereva wamelisema hilo miaka nenda miaka rudi, lakini ni nadra kulisikia kutoka katika kitu cha kuchezea.

Uzuri wa pili ni namna magari yenyewe yalivyotenda. Gari ni mzigo uliokaa juu ya matairi manne, na mzigo huo hautulii. Abiria aliyesimama ndani ya daladala analijua jambo hili bila kufundishwa: dereva akifunga breki ghafla wote huinamia mbele, na akiondoka kwa pupa wote huangukia nyuma. Gari nalo hufanya hivyo hivyo. Likifungwa breki, uzito huhamia matairi ya mbele. Likiongezwa mafuta, uzito hurudi nyuma. Na tairi lililopungukiwa uzito hupungukiwa na uwezo wa kuishika barabara. Waundaji wa Gran Turismo waliitia kanuni hiyo ndani ya mchezo kwa kiwango ambacho wachezaji wengi wa nyumbani hawakuwa wamekiona kabla yake.

Kwa hiyo gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Mazda Demio au Honda Civic, ukiliingiza kwenye kona kwa kasi mno lilikataa kugeuka, likaenda moja kwa moja kama mbuzi mkaidi. Na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Toyota Chaser, ukilikanyagia mafuta kabla kona haijakwisha, mkia wake ulichomoka ukataka kutangulia kichwa. Dawa ilikuwa moja kwa yote mawili: punguza mwendo gari likiwa limenyooka, geuka kwa utulivu, kisha ongeza mafuta taratibu. Aliyefuata utaratibu huo alishinda. Aliyekuwa na haraka alizungushwa kama pia.

GARI SI INJINI TU

Uzuri wa tatu unamhusu mfanyakazi na bajeti yake. Mchezaji alianza na fedha za mchezo 10,000, ambazo hazikutosha kununua gari la fahari. Alikwenda kwenye uwanja wa magari yaliyokwisha tumika, akachagua la kadiri ya mfuko wake, akaingia nalo mashindano madogo ya wanaoanza, likiwemo Kombe la Jumapili. Zawadi aliyopata aliipeleka gereji. Hapo ndipo hekima ilipopimwa. Palikuwa na ekzosi, tabo, giaboksi, springi, breki na matairi, na kila kimoja kilikuwa na bei yake. Kijana aliyemwaga fedha zote kwenye injini alijikuta na gari linalokimbia sana na lisilosimama. Yule aliyenunua kwanza matairi mazuri, akaimarisha breki, kisha akaongeza nguvu kidogo kidogo, alifika mbali. Ni somo ambalo mafundi wetu hulirudia kila siku kwa wateja wanaotaka gari lenye mlio badala ya gari lenye breki.

Na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na furaha yetu ya pekee katika mchezo ule. Magari yake mengi yalikuwa ya Kijapani, na hayo tunayafahamu kama tunavyowafahamu jirani zetu, kwa kuwa ndugu zao wamefika bandarini kwetu kwa meli baada ya kutumika kwao. Chaser, Mark II, Starlet, Legacy, Skyline, Galant: majina hayo kwetu ni teksi, ni gari la harusi, ni gari la mjomba linalosukumwa asubuhi. Aidha zilikuwemo jamii za Lancer Evolution na Impreza. Kwa Lancer ya aina hiyo Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1996, na kwa Impreza Colin McRae akashinda mwaka 1997, mwaka ule ule mchezo ulipotoka. Mtoto wa Nairobi aliyeziona gari hizo zikipita katika vumbi hakuhitaji kuelezwa ni kitu gani anachokiendesha.

Hizo ndizo sifa, nazo si haba. Sasa tuyaseme mapungufu, nayo si haba vile vile.

KUGONGA BILA GHARAMA

Upungufu mkubwa kuliko yote ni huu: katika Gran Turismo gari haliharibiki. Uligonge ukutani kwa mwendo wa kilometa 200 kwa saa, litarudi nyuma kidogo na kuendelea na safari. Taa hazivunjiki, boneti haikunjiki, usukani haupindi. Umgonge mwenzako ubavuni, wote wawili mtayumba, kisha mtaendelea kana kwamba mmepigana mabega sokoni. Hakuna wa kunyoosha bodi, hakuna trafiki, hakuna hospitali.

Pengine utasema ni jambo dogo, kwani mchezo ni mchezo. Lakini fikiri. Mchezo huu ulijitahidi kuwa wa kweli katika kila kitu kingine. Ulikueleza nguvu za injini na uzito wa gari, ukakutungia mtihani, ukakukatiza ulipokanyaga majani. Kisha, mtihani ulipokwisha na mashindano yakaanza, ukafungua mlango wa nyuma. Mchezaji mjanja aligundua mapema kwamba si lazima kufunga breki kabla ya kona. Anaweza kuingia kwa kasi zote, akamwegemea mpinzani wake au akauegemea ukuta, na kutoka upande wa pili akiwa mbele ya yule aliyepunguza mwendo kwa adabu. Yaani somo lililofundishwa asubuhi katika leseni lilifutwa jioni katika mashindano. Mwenye heshima alikuwa wa pili, na mgongaji akapewa kikombe.

Yapo yanayoweza kusemwa kuwatetea waundaji. Mtambo wa PlayStation wa wakati ule ulikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu, kiasi ambacho hakitoshi hata kwa picha moja ya simu nyingi za leo. Ndiyo maana magari katika mashindano hayakuzidi 6, na walipocheza watu wawili kwa kugawana kioo yalibaki mawili tu. Kuchora gari likipondeka ni mzigo mwingine kabisa. Tena si vigumu kuelewa kwamba kampuni inayotengeneza magari haifurahii kuona jina lake limebandikwa kwenye chuma kilichokunjamana. Hata hivyo, mfululizo huo wa michezo ulikaa mpaka toleo lake la tano, mwaka 2010, ndipo magari yalipoanza kuonyesha majeraha. Kizazi kizima kilikua kikigonga bila gharama.

Upungufu wa pili ni wapinzani. Magari yale mengine yanayoendeshwa na mtambo hufuata mstari wao kama garimoshi lifuatavyo reli. Hayakuoni. Ukiwa umesimama katika mstari huo yatakupiga kwa nyuma, na ukijaribu kuyapita mahali finyu hayatakupa nafasi wala kukuzuia kwa akili. Dereva wa kweli anajua kwamba nusu ya udereva ni kusoma mawazo ya wengine: yule anataka kusimama, huyu hajaniona, mtoto yule atavuka. Mchezo huu haukufundisha nusu hiyo. Barabarani mwake hamna mtu anayevuka, hamna mkokoteni, hamna bodaboda inayotokea upande usioutarajia.

Upungufu wa tatu ni wa fedha. Tulisifu bajeti ya mwanzo, lakini sifa hiyo ina kikomo. Baada ya muda mchezaji aliweza kurudia shindano moja jepesi mara nyingi, akauza magari aliyozawadiwa, akawa tajiri. Tajiri huyo alinunua gari lenye nguvu maradufu ya wapinzani wake na kuwaacha nyuma bila kujifunza chochote kipya. Mashindano yaliyotakiwa kuwa ya ustadi yakawa ya mfuko.

Upungufu wa nne utawagusa wote wenye mita ya umeme nyumbani. Palikuwa na shindano refu la kilometa 300, lenye mizunguko 60, lililomchukua mchezaji kiasi cha saa mbili. Katika muda wote huo hapakuwa na njia ya kuhifadhi ulipofikia na kuendelea kesho. Umeme ukikatika katika mzunguko wa 59, kazi yote imekwenda na maji. Mtunzi wa mchezo yampasa akumbuke kwamba mchezaji ana familia, ana chakula mezani na ana kazi ya kuamkia.

Tunaweza kuongeza madogo madogo. Magari yasiyo ya Kijapani yalikuwa machache, ya Kiingereza na ya Kimarekani tu. Aliyetafuta Ferrari au Porsche aliambulia patupu. Na picha, ambazo mwaka 1997 ziliwafanya watu washike vinywa, leo zina kingo za msumeno. Lakini hayo ni makunyanzi ya uzee, na mzee hachekwi kwa makunyanzi.

KWA NINI TUJALI

Huenda msomaji akauliza: je, ni kweli kwamba anayoyazoea mtu kwenye kioo huhamia barabarani? Jibu la jambo hili lilitolewa kwa vitendo. Mwaka 2008 kampuni ya Nissan pamoja na PlayStation walianzisha shindano lililoitwa GT Academy, la kuwatafuta wachezaji hodari wa matoleo ya baadaye ya mchezo huu na kuwafundisha mbio za kweli. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, alishiriki mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2011 na kumaliza wa pili katika daraja lake. Mwaka huo huo wa 2011 Mwingereza Jann Mardenborough alishinda GT Academy, naye akawa dereva wa mbio wa kulipwa. Basi ni dhahiri kwamba ustadi huhama. Mkono uliojifunza kupunguza mwendo kwa pedi ulijifunza upesi kupunguza mwendo kwa usukani.

Lakini kioo hakikuweza kumwandaa mtu kwa kila jambo. Mwezi wa Machi 2015, katika mbio za Nürburgring huko Ujerumani, gari la Mardenborough liliinuka pua, likapaa, likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki dunia. Hatulisemi hili kumlaumu dereva, kwani ajali katika mbio huwapata hata walio bora. Tunalisema kwa sababu linaonyesha tofauti iliyopo. Ndani ya mchezo wa mwaka 1997 gari lingerudi njiani na mizunguko ingeendelea. Nje ya mchezo kuna mtu hakurudi nyumbani kwake.

Nasi hatuhitaji kwenda Ujerumani kutafuta mfano. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu kiasi cha milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Umri huo ndio umri wa wale wanaokaa mbele ya kioo.

SHERIA ZA NYUMBANI

Je, tuuzime mtambo? La. Mchezo unaomfundisha kijana kwamba kusimama kunatangulia kukimbia haustahili kutupwa. Ila kile ambacho watunzi walikiacha, nyumba inaweza kukitia. Tunapendekeza sheria nne.

Ya kwanza, leseni kwanza. Mtoto asiingie mashindano yoyote, hata ya kugawana kioo na kaka yake, kabla hajamaliza majaribio yote 8 ya daraja la kwanza.

Ya pili, agongaye ameshindwa. Mtihani wa leseni unamfukuza anayetoka njiani. Basi nyumba nayo imfukuze anayemgonga mwenzake au kuuegemea ukuta. Pedi iondoke mkononi mwake, apewe mwingine. Mwamuzi anaweza kuwa mtu yeyote, hata bibi ambaye hajashika pedi maishani mwake, kwa sababu kugonga kunaonekana na kila mwenye macho. Utashangaa, ndugu msomaji, jinsi sheria hii moja inavyoubadilisha mchezo. Wale waliokuwa wakiongoza wanarudi nyuma, na yule mpole aliyekuwa akichekwa kwa kufunga breki mapema anaanza kushinda.

Ya tatu, tazameni marudio. Mchezo huu una desturi nzuri ya kuonyesha upya mashindano yaliyokwisha. Badala ya kuyaruka, mzazi au mjomba aliye dereva wa kweli aketi na vijana, aulize: "Hapa ungekuwa na abiria, wangekuwa wapi sasa? Breki ungefunga wapi?" Dakika tano za mazungumzo hayo zina faida kuliko saa nzima ya makaripio.

Ya nne, saa iwe na mwisho. Shindano la mizunguko 60 liachwe kwa wasio na shule kesho.

Mtoto husikia sauti mbili anapocheza. Sauti ya mchezo humwambia namna ya kwenda, na inaisema vizuri. Sauti ya kumwambia gharama ya kugonga haimo ndani ya diski ile, na haitakuwamo kamwe kwa kuwa diski imekwisha tengenezwa. Sauti hiyo ni yako, mzazi. Vuta kiti ukae.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.